Homurani 500 bado zina heshima? Majibu kwa wasomaji

Maswali ya safari hii yote ni ya besiboli ya Marekani, na karibu yote yanazunguka jambo moja: hesabu kubwa za homurani, yaani 500, 600 na 700. Kwa anayeanza kufuatilia, homurani ni pigo linaloupeleka mpira nje ya ukuta wa uwanja, ndani ya mistari, kisha mpigaji anazunguka besi (vituo) zote nne hadi alipoanzia. Hesabu zote humu zinaishia mwisho wa msimu wa 2025.

Zamani mtu akifikisha homurani 500 nchi nzima ilisimama. Siku hizi mbona kimya?

Tazama tarehe, jibu limo humo. Babe Ruth alikuwa wa kwanza kufika, tarehe 11 Agosti 1929. Tangu siku hiyo hadi mwisho wa 1998, karibu miaka 70, walifika 15 tu, yeye akiwemo. Kisha Mark McGwire akafika Agosti 1999, na kufikia Aprili 2009 Gary Sheffield alikuwa ameshakuwa wa kumi katika kundi hilo jipya. Mwaka 2007 peke yake walifika watatu: Frank Thomas mwezi Juni, Alex Rodriguez Agosti na Jim Thome Septemba. Watu wakazoea. Wakaanza pia kuuliza misuli ile imetoka wapi, na swali hilo lilikuwa halali kabisa.

Ila hadithi haikuishia 2009. Ligi ilianza kuwafungia waliokutwa na dawa za kuongeza nguvu mwaka 2005, na tangu Sheffield wamefika watatu tu: Albert Pujols mwaka 2014, David Ortiz 2015 na Miguel Cabrera 2021. Wote wenye 500 sasa ni 28. Wakati huohuo warushaji, wale wanaomtupia mpigaji mpira, wamekuwa wakali zaidi. Mpira wa kasi wa kawaida sasa unapita kilomita 150 kwa saa, na mpigaji hamwoni tena mrushaji mmoja aliyechoka mchezo mzima. Kila baada ya muda mfupi anakutana na mkono mpya. Kwa maoni yetu, 500 ya leo ni ngumu kuliko ya 2003, na inastahili makofi zaidi ya inayopata.

Si ilikuwa ukifika 500 unaingia moja kwa moja Jumba la Heshima la besiboli, lililoko Cooperstown?

Wote 15 wa mwanzo wamo, kweli. Lakini "moja kwa moja" ni chumvi. Eddie Mathews, mwenye 512, aliingia 1978 katika kura yake ya tano. Harmon Killebrew, mwenye 573, alisubiri hadi ya nne, mwaka 1984. Namba ilikuwa inakuhakikishia mlango, haikukuhakikishia siku.

Utaratibu ni huu. Mchezaji anasubiri miaka mitano baada ya kustaafu, kisha waandishi wa besiboli wanampigia kura. Anahitaji asilimia 75. Akipata chini ya 5 anaondolewa, na asipochaguliwa ndani ya miaka 10 jina linatoka, linabaki mikononi mwa kamati maalumu. Barry Bonds, mwenye rekodi ya homurani 762 lakini aliyeandamwa na tuhuma za dawa, alimaliza miaka yake 10 mwaka 2022 akiwa na asilimia 66. Mwaka huohuo Ortiz, mwenye 541, aliingia katika kura yake ya kwanza kwa asilimia 77.9. Gazeti la New York Times lilikuwa limemtaja Ortiz mwaka 2009 kuhusu vipimo vya dawa vya majaribio vya 2003, lakini hakuwahi kufungiwa.

Anayeonyesha vizuri zaidi ni Rafael Palmeiro. Ana homurani 569 na hiti 3,020, yaani mapigo yaliyomfikisha besi. Wenye 500 na 3,000 kwa pamoja ni saba tu katika historia yote, wakiwemo Hank Aaron na Willie Mays. Palmeiro alifungiwa siku 10 mwaka 2005 baada ya kipimo kumkuta na dawa, na mwaka 2014 akapata asilimia 4.4, akaondolewa kwenye orodha. Huyo ndiye aliyethibitisha kwamba namba, hata ziwe mbili, haziwezi tena kumtetea mtu peke yake.

Fred McGriff aliishia 493. Homurani saba zilimgharimu nini?

Zilimgharimu miaka mingi. Mwaka 1994 alikuwa na homurani 34 katika michezo 113 pale mgomo wa wachezaji ulipofunga msimu, tarehe 12 Agosti. Kwa mwendo ule, 500 angeipita bila shida. Waandishi walimnyima miaka yote 10, asilimia yake ya juu ikiwa 39.8. Desemba 2022 kamati ikampitisha kwa kura 16 kati ya 16. Kamati iliona mchezaji yuleyule waliyemwona waandishi. Tofauti ni kwamba haikukwama kwenye namba inayoishia na sifuri mbili.

Heshima iliyoporomoka kweli ni ya 400. Carlos Delgado ana 473 na aliondolewa kwenye kura yake ya kwanza kwa asilimia 3.8.

Homurani za mtoano zinahesabiwa?

Hapana. Hesabu ya maisha ni ya msimu wa kawaida tu. Manny Ramirez ana 29 za mtoano, na hakuna hata moja ndani ya 555 zake. Ile ambayo mpira haukutoka uwanjani lakini mpigaji akakimbia besi zote kabla hajatolewa, hiyo inahesabiwa sawa na nyingine.

Na homurani inaweza kupotea mpira ukiwa umeshatoka. Aprili 1931, mjini Washington, Lou Gehrig aliupeleka mpira ukaingia kwa watazamaji, ukagonga viti na kurudi uwanjani mikononi mwa mlinzi. Mwenzake Lyn Lary, aliyekuwa mbele yake kwenye besi, alidhani umedakwa, akaacha kukimbia na kwenda zake benchi. Gehrig alikimbia kichwa chini, akampita, na kanuni inasema anayempita mwenzake anatolewa. Ikaandikwa hiti ya besi tatu. Mwaka ule alimaliza na 46, sawasawa na Ruth, wakagawana uongozi. Jumla yake ya maisha ni 493. Kwa hiyo ukiona pigo limetoka, usiandike chochote mpaka mpigaji aguse besi ya mwisho.

Bonds 762, Sadaharu Oh 868, Josh Gibson "karibu 800". Mfalme ni nani?

Kwenye vitabu vya ligi kuu ya Marekani ni Bonds. Oh alipiga zake 868 akiwa na Yomiuri Giants ya Japani kati ya 1959 na 1980, kwenye ligi nyingine, misimu mifupi na viwanja vidogo. Ni rekodi kamili ya Japani na haihitaji kulinganishwa ndipo iheshimiwe.

Gibson ndiye anayetuuma. Ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 zilitambuliwa rasmi Desemba 2020, na takwimu zake zikaunganishwa Mei 2024. Humo Gibson ana homurani 174. Ile "karibu 800" imo kwenye bamba lake la Cooperstown na inajumlisha michezo ya nje ya ligi, ambayo ndiyo ilikuwa mingi na ndiyo iliyowalisha. Anayetaka kumwekea Bonds alama ya shaka akumbuke pia kwamba Ruth alipiga zote 714 bila kukutana na mrushaji mweusi hata mmoja kwenye ligi yake, kwa sababu mlango wa wachezaji weusi ulifunguliwa 1947.

Nani anafuata?

Usitumie mwendo wa msimu bora wa mchezaji. Chukua zilizobaki, gawa kwa wastani wake wa miaka mitatu, na hesabu michezo 140 kwa mwaka badala ya 162, maana mwili una siku zake. Giancarlo Stanton ana 453, zimebaki 47, lakini ana miaka 36 na majeraha hayamwachi. Aaron Judge ana 368. Akipiga 33 kwa mwaka anafika 2029 akiwa na miaka 37. Shohei Ohtani ana 280, na hata kwa 40 kila mwaka ni hadi 2031. Tunayemwamini zaidi ni Juan Soto: 244 kabla ya kutimiza miaka 27. Ukitaka kuona hesabu nzuri inavyoharibika, mtazame Mike Trout, mwenye 404. Mwaka 2021 alicheza michezo 36, na 2024 alicheza 29.

Nikidaka mpira wa namna hiyo nifanye nini?

Usitoke uwanjani. Hesabu kubwa inapokaribia, ligi huingiza mipira yenye alama maalumu kila zamu ya mpigaji huyo. Ofisa wa uthibitisho, ambaye kwa kawaida ni askari aliye kazini au mstaafu, anaukagua na kubandika stika yenye namba. Ukienda nao nyumbani kabla ya hapo, mnunuzi atakuwa na neno lako tu. Klabu itakuomba ubadilishane na jezi au gongo lililosainiwa. Una haki ya kukataa. Mpira wa 700 wa Pujols, wa Septemba 2022, uliuzwa dola 360,000. Ule wa 756 wa Bonds, uliompita Aaron, mwenye rekodi ya awali, mwaka 2007, ulinunuliwa dola 752,467 na mbunifu wa mavazi Marc Ecko, akawapigisha watu kura mtandaoni, wakaamua uchongwe alama ya kinyota, ile ya shaka, kisha upelekwe Cooperstown. Uko huko, na kinyota chake.