Kabla Hujanunua Kasha la Queen, Sikiliza Ngoma

Wapenzi wa roki hapa Tabora huniuliza: albamu ya kwanza ya Queen, ile bendi ya Uingereza, ninayo kwenye flashi, kasha jipya lenye CD kibao la nini? Nami huuliza kwanza ni toleo gani analo, maana yanatofautiana sana.

Mwaka 2011 albamu za mwanzo za Queen zilisafishwa upya. Katika kazi hiyo fundi hupokea nyimbo ambazo sauti zake zilishachanganywa zamani. Anaweza kurekebisha besi au kuondoa mikwaruzo, lakini hawezi kuinua ngoma na kuliacha gitaa lilivyo. Kasha la Queen I, yaani albamu hiyo ya kwanza, lililotoka Oktoba 2024 ni habari nyingine kabisa. Mafundi walirudi kwenye kanda za awali, ambako ala zimetenganishwa, wakachanganya albamu nzima upya.

Na ilihitajika! Mwimbaji wao Freddie Mercury, mzaliwa wetu wa Unguja, na wenzake walirekodi mwaka 1972 Trident Studios, London, kwa saa za kuokoteza, studio ikiwa haina wateja. Ngoma za Roger Taylor zilitoka kavu kama mtu anagonga boksi, na bendi yenyewe haikuridhika. Sasa zina kishindo. Hata wimbo ulioachwa nje albamu ilipotoka mwaka 1973 umerudishwa mahali pake. (Natamani sana nyimbo za Tabora Jazz, bendi yetu ya zamani, zipate mafundi wa namna hii.)

Ukitaka kulinganisha matoleo hayo, weka sabufa pembeni, besi yake inafunika kila kitu. Mimi hutumia hedifoni za waya, usiku, mtaa wa Isevya ukishatulia. Toleo lenye sauti kubwa lipunguze mpaka yalingane, kwani sikio hupendelea chenye kelele zaidi. Kisha fuata ngoma peke yake mpaka wimbo uishe.

Dukani wakikuingizia MP3 ya kbps 128, yaani faili iliyobanwa sana, matoazi yatapoteza ung'avu hata kwa toleo jipya. Omba FLAC, faili isiyopunguza sauti yoyote. Albamu ya dakika 40 itakula kama MB 250 badala ya 40, kwa hiyo kama unapakua mwenyewe, jipange na bando.

Kasha zima lina CD sita na santuri moja, pamoja na majaribio ya studio na rekodi za BBC. Kwa anayeifuatilia bendi hii kwa undani, ni hazina. Kama unapenda nyimbo tu, chukua toleo dogo lenye mchanganyiko mpya, pesa inayobaki nunulia hedifoni nzuri.