Nimekariri Morse yote, mbona kwenye kasi ya 10 napotea?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nafundisha fizikia Nachingwea na nataka kuanzisha klabu ya redio ya ridhaa (kuwasiliana hewani kwa kupenda tu, si kwa biashara) shuleni. Jedwali lote la Morse, yaani herufi zinazotumwa kwa milio mifupi (nukta) na mirefu (vistari), nimelikariri, hata ukutani nimelibandika. Kwenye LCWO, tovuti ya kujifunzia Morse, napokea vizuri maneno 5 kwa dakika, lakini nikipandisha hadi 10 navurugikiwa. Ni sikio langu, au nitafute programu inayosoma Morse yenyewe?

JIBU: Sikio lako halina kosa, Mwalimu. Kosa ni hilo jedwali, nalo limekwamisha watu wengi kuliko ugumu wa Morse wenyewe.

Kwenye kasi ya 5, nukta moja huchukua milisekunde 240. Unapata muda wa kuhesabu nukta, kuukumbuka mstari wa jedwali na kuandika. Kwenye 10 nukta ni milisekunde 120, kwenye 20 ni 60, na hapo hesabu haiwahi tena: bado unaitafuta herufi ya kwanza, ya tatu imeshaingia. Chukua 5H, mwanzo wa alama za mwito (majina ya stesheni hewani) za Tanzania: nukta tano, kisha nukta nne. Kwenye kasi ya 20, 5 hudumu milisekunde 540 na H 420. Anayehesabu atapotea kwenye jina la nchi yake. Anayezijua kwa mlio hatatizwi, kwa sababu kwake kila moja ni sauti nzima, haina vipande.

Kwa hiyo usipande kutoka 5 kwenda 6, kwenda 7. Anza upya. Kwenye mipangilio ya LCWO weka kasi ya herufi 20 na kasi halisi 6. Herufi italia haraka, nafasi kati ya herufi ndizo zitakazorefuka. Sauti iwe kama hezi 600. Fuata mpangilio wa Koch: K na M pekee kwanza, na usiongeze herufi mpya mpaka upate asilimia 90. Robo saa asubuhi na robo saa jioni inazidi saa nzima ya Jumamosi. Herufi ikikupita, acha pengo uendelee. Ukirudi kuitafuta utapoteza nne zinazofuata. Mtandao ukisumbua, tengeneza faili za MP3 humo humo, uzipakue.

Tumia visikizi vya waya. Baadhi ya vile vya bluetooth hulala kukiwa kimya na kumeza mlio wa kwanza, hivyo H inakufikia kama S, nawe unalilaumu sikio.

Programu ya kusoma Morse achana nayo. Hufanya vizuri mawimbi yakiwa safi na mtumaji akiwa kompyuta. Mawimbi yakififia, au mtu akipiga kwa mkono wake wenye haraka na kusita, inakutemea E na T tupu, herufi za mlio mmoja mmoja.

Linaloniudhi zaidi ni hizi picha na video zinazozunguka WhatsApp: herufi zilizochorwa nukta juu yake, “jifunze Morse kwa saa moja”. Zinakufundisha kutazama kitu cha kusikilizwa. Zamani njia hiyo ilimfaa aliyetaka kupita mtihani wa Morse wa leseni tu. Marekani, tangu 2000 hadi ilipoufuta mwaka 2007, ilitaka kasi ya 5 pekee. Ulazima wa kimataifa wa mtihani huo, ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, iliuondoa mwaka 2003. Leo mtu hujifunza Morse ili azungumze hewani, na huko stesheni nyingi hupiga kasi ya 15 na zaidi. Kozi yoyote inayoanza kwa kukupa jedwali, au kukukabidhi kitufe cha Morse upige kabla hujaweza kupokea, usiilipie hata shilingi.

Na lile la ukutani libandue kabla klabu haijaanza. Wanafunzi wakutane na K kama daa-di-daa masikioni, bila kuonyeshwa nukta hata moja. Wakishapokea herufi kama kumi bila kusita, wafungulie masafa kati ya 7.000 na 7.040 MHz jioni, wasikilize wenyewe.