Kuzamia na mtungi Maziwe kwa mara ya kwanza: usibane pumzi

Dada, umeuliza kwamba mwezi wa pili mnakwenda Ushongo, Pangani, wewe na mume wako, wiki moja ya likizo. Mmesikia kwamba huko Maziwe, fungu la mchanga baharini mbele ya Ushongo, mtu anaweza kushushwa na mtungi wa hewa hata kama hajawahi, nawe unaogelea kidogo tu na unaogopa masikio. Ndugu mmoja hapo juu amekujibu kuwa mtu wa pwani hana la kuogopa, bahari tumezaliwa nayo. Mimi nimezaliwa nayo kweli, Kigombe, na nampinga kwa heshima zote, kwa sababu fikra hiyo hiyo ndiyo iliyotaka kuniumiza.

Ami yangu alikuwa akizamia pweza kwa pumzi yake mwenyewe, miwani usoni na mkuki mkononi. Ndiye aliyenifundisha. Vuta pumzi ijae kifua, ibane, shuka, fanya kazi yako, na usiiachie mpaka kichwa kitoke juu. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilikuwa nagusa mchanga kwenye pima mbili za maji na kurudi na kombe mkononi. Basi nikakua nikiamini kwamba kujua kuzamia ni kujua kubana pumzi.

Miaka mingi baadaye nikiwa nafanya kazi Dodoma, nilirudi likizo na mke wangu, tukalipia kushuka na mtungi. Nilikuwa na mafua. Walinipa fomu ya afya yenye maswali kuhusu pumu, moyo, masikio, ujauzito, dawa unazotumia, na kama una mafua siku hiyo. Nikaweka "hapana" kila mahali, maana pesa tulishatoa na sikutaka kubaki ufukweni mke wangu akienda. Tulikuwa wengi kwenye boti. Mwalimu alitueleza mambo yote njiani, mashine inanguruma, upepo unapiga, nusu ya maneno sikuyasikia. Nikatikisa kichwa kuwa nimeelewa.

Tulipofika kama mita nne chini, sikio la kushoto likaanza kuuma kama linachomwa sindano. Nikafanya nilichofundishwa na ami: nikabana pumzi nikapiga miguu kwenda juu. Mwalimu alinidaka kwa mkanda wa jaketi, akanizuia, akawa ananigusa kifua na kunionyesha mdomo wake unavyotoa mapovu. Nilipotoa pumzi akaniachia tukapanda polepole. Kunidaka alinidaka kwa wakati, na kwa hilo nashukuru mpaka leo. Lakini kosa lilianza ufukweni, kwangu niliyeficha mafua, na kwake aliyekuwa na haraka. Sikio liliziba zaidi ya wiki.

Sikuelewa nilikuwa karibu na nini mpaka nilipoelezwa vizuri mwaka uliofuata na mwalimu mwingine. Alichukua puto. Juu ya maji tunabeba uzito wa hewa tu. Ukishuka mita 10, uzito unaokubana unakuwa mara mbili, na ukifika mita 20 ni mara tatu. Puto la lita moja ukiliteremsha mita 10 linasinyaa hadi nusu lita, ukilirudisha juu linakuwa lita moja kama mwanzo. Hilo ndilo pafu la ami: hewa aliyoivuta juu ndiyo aliyorudi nayo, haikuongezeka. Sasa chukua puto lingine ulijaze ukiwa huko chini kwenye mita 10 mpaka liwe lita moja, ulifunge, ulipandishe. Likifika juu linataka kuwa lita mbili. Hilo ndilo pafu la mtu mwenye mtungi, kwa sababu mtungi unampa hewa yenye mgandamizo sawa na maji yaliyomzunguka. Akibana pumzi akapanda, hewa inatanuka na haina pa kutokea, na pafu linaweza kuchanika. Tena mabadiliko makubwa zaidi yako karibu na juu, kwa hiyo hata mita mbili tatu zinatosha kumdhuru mtu.

Ndiyo maana sheria ya kwanza ya kazi hii ni kwamba usibane pumzi hata mara moja. Vuta, toa, vuta, toa, taratibu na kwa kina. Dada, wewe usiyejua kuzamia una nafuu kuliko mimi, kwa sababu huna la kusahau. Mimi mwili wangu ulikuwa unabana wenyewe kila nilipoona maji mbele ya miwani.

Mwalimu huyu wa pili alitaka asubuhi nzima pale pale ufukweni, maji ya kiunoni, kabla ya kuzungumzia boti. Kwanza tulipiga magoti tu, uso ndani ya maji, tukipumua. Ile sauti ya pumzi yako mwenyewe mara ya kwanza inatisha, kama mtu anakoroma sikioni. Baadaye inakuwa ndiyo sauti inayokutuliza. Kisha tukafunzwa kutoa kile cha kupumulia mdomoni, kukirudisha na kupuliza maji yatoke. Kisha kuingiza maji kidogo kwenye miwani na kuyatoa kwa kupuliza kwa pua huku umebana ukingo wa juu. Hapo wengi ndipo wanaposhtuka, na mke wangu alikataa mara tatu. Mwalimu hakumsukuma. Alikaa naye, akamwambia afanye kwa robo ya maji, kisha nusu. Ya nne akaweza.

Kuhusu masikio, ndilo ulilouliza hasa. Hayapasuki kwa mtu anayeyasawazisha mapema. Unabana pua kwa vidole juu ya miwani, unapuliza polepole mdomo ukiwa umefungwa, unasikia kitu kinabonyea ndani ya masikio yote mawili. Unafanya hivyo kabla hujasikia maumivu, kila nusu mita au mita unayoshuka, na hasa mita zile za mwanzo. Likikataa sikio moja, usilazimishe. Panda kidogo, jaribu tena. Likikataa kabisa, siku hiyo imeisha, na hakuna aibu. Ukiwa na mafua usishuke, na usitumie dawa ya kuzibua pua ukadhani umepona, maana inaweza kuisha nguvu ukiwa chini na hewa ikakwama wakati wa kupanda. Sema ukweli kwenye fomu. Ukiwa na pumu, ugonjwa wa moyo au umewahi kufanyiwa upasuaji wa sikio, muone daktari kabla hujasafiri. Mjamzito asishuke kabisa.

Na alama za mikono zishike kabla ya kuingia, maana chini hakuna maneno. Sisi dole gumba juu ni "safi". Kwao dole gumba juu ni "tupande". Mambo yakiwa sawa unakutanisha kidole cha shahada na gumba kama duara. Kuna tatizo, unachezesha kiganja kilicho wazi huku na huku, kisha unaonyesha penye tatizo: sikio, miwani, kifua. Mke wangu alionyesha dole kwa furaha alipoona samaki taa amelala mchangani, na mwalimu akaanza kumpandisha.

Asubuhi iliyofuata tukaenda Maziwe. Utakaposimama pale juu ya mchanga ujue umesimama mahali palipokuwa kisiwa chenye mivinje, ambapo kasa walipanda kutaga kwa wingi. Palitengwa mwaka 1975 ili palindwe, na miaka michache tu baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, bahari ikawa imeshakula ardhi na miti yote. Sasa ni fungu la mchanga linalotokeza maji yakipwa na kuzama yakijaa. Kasa wakitaga hapo, mayai huhamishiwa ufukwe wa Ushongo, maana yakiachwa yanafunikwa na maji. Ami yangu aliwahi kulala chini ya ile mivinje. Mimi nimeikuta hadithi tu.

Tulishuka kwa kamba ya nanga, mkono juu ya mkono, na hilo nakushauri uliombe. Kamba inakupa mahali pa kushika na pa kusimama. Kwenye mita tano nilisimama nikasema kwa mkono: sikio. Mwalimu akanipandisha hatua moja, nikapuliza, likafunguka, tukaendelea. Hakuonyesha kuchoka. Tulifika mita tisa.

Siwezi kukueleza vyote. Matumbawe niliyoyajua tangu utotoni kama mawe meusi ya kuumiza miguu maji yakipwa, huko chini yamesimama kama bustani. Vitatange wawili wawili. Pono wanayatafuna matumbawe, na unasikia kabisa meno yao, kra kra, lakini hujui sauti inatoka upande gani, kwa sababu majini sauti inasafiri zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani na masikio yanachanganyikiwa. Kila kitu kinaonekana kikubwa na cha karibu kuliko kilivyo. Nilinyoosha mkono kumsukuma chewa, kumbe yuko mbali. Utaona rangi nyekundu imefifia kuwa kahawia, usidhani macho yako yana shida, maji ndiyo yanayoimeza. Kisha akapita kasa. Nimesikia habari za kasa tangu nizaliwe, nimewaona wamepinduliwa mchangani, sikuwahi kumwona akiruka. Maana kule anaruka, dada, hapigi mbio, mbawa mbili zinapanda na kushuka. Nililia ndani ya miwani.

Tukavuka pia sehemu ambayo sikuitarajia: uwanja mzima wa matumbawe yaliyovunjika kama kokoto za ujenzi, kijivu, samaki hakuna. Nilijua bila kuambiwa. Utotoni tulikuwa tunasikia mlio wa baruti kutoka baharini na kukimbilia samaki wa bei rahisi. Nilikula samaki wale. Siku hizi milio imepungua sana, na pembeni mwa zile kokoto kulikuwa na vijimea vya matumbawe vya ukubwa wa kidole. Usiviguse, wala usisimame juu ya chochote.

Kupanda ni polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, na kwenye mita 5 mnakaa dakika tatu. Mtungi hauna oksijeni tupu kama watu wanavyodhani, ni hewa hii hii iliyoshindiliwa, na sehemu kubwa yake ni naitrojeni. Chini inayeyuka mwilini. Ukipanda kwa haraka inatoka kwa mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafla. Kijijini kwetu nilisikia nikiwa mdogo habari ya kijana aliyekwenda kwenye majongoo ya bahari na mtungi, akatoka juu ghafla, miguu ikafa. Watu walisema jini. Nadhani leo ningejua la kuwaambia.

Kwa sababu hiyo hiyo, panga safari yako vizuri. Baada ya kushuka mara moja, kaa saa 12 kabla ya kupanda ndege, na kama umeshuka mara kadhaa kaa saa 18. Hata zile ndege ndogo za kwenda Unguja zimo. Jambo ambalo watu hawalifikirii ni Lushoto. Wengi wanaunganisha Pangani na milima ya Usambara, na Lushoto iko juu ya mita 1,300. Kwa mwili uliotoka kuzamia, kupanda huko ni sawa na kupanda ndege. Anza na mlima, malizia na bahari, au pumzika siku nzima katikati.

Mwezi wa pili umechagua vizuri. Maji huwa masafi upepo wa kaskazi unapoanza kuchoka kuelekea tangambili, kipindi cha pepo kubadilika. Wakati wa masika mto Pangani unaleta tope na huoni kitu. Omba mtoke asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, na uchague siku za maji mafu, maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, siyo bamvua yanapojaa na kupwa sana; siku za maji mafu mkondo ni mdogo.

Mtakachofanya ni jaribio, halikupi cheti, na mwisho wake ni mita 12. Kozi kamili ni siku tatu nne, inakufikisha mita 18, na inataka uogelee mita 200 na uelee dakika 10. Jaribio halina mtihani huo, lakini kwa wiki hizi zilizobaki jizoeze kuelea bila kushika kitu. Silikanti wetu wa Kigombe, yule samaki wa kale, usimtarajie, anakaa kwenye kina kirefu kuliko mtakachofika.

Kabla ya kulipa, muulize mwalimu maneno mawili: atakuwa na wanaoanza wangapi chini kwa wakati mmoja, na kama utafanya mazoezi kwenye maji ya kusimama kwanza. Sisi tulikuwa wawili tu na yeye. Akisema mambo yote mtaelezana kwenye boti, shukuru, ondoka.

Mkishapata tarehe kamili ziandike hapa. Nitazihesabu na mwezi nikuambie siku zipi ni za maji mafu.