Programu za simu na baridi yabisi: maswali yenu wiki hii

Maswali yote yaliyo hapa yanahusu baridi yabisi ile ambayo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo. Anayesumbuliwa na jongo, au na magoti yaliyochakaa kwa umri, asiyafuate majibu haya.

Swali: Programu ipi ni bora kuliko zote?

Nimeulizwa hivi mara nyingi, na waulizaji karibu wote hawasemi wanatumia dawa gani wala wanataka programu iwasaidie nini. Iliyo bora ni ile utakayoweza kuijaza hata siku ambayo vidole havikunjiki.

Swali: Programu yangu hunikumbusha kumeza methotreksati, dawa yangu ya baridi yabisi, kila asubuhi, ilhali daktari alisema ni mara moja kwa wiki. Nifuate ipi?

Mfuate daktari, na uzime ukumbusho huo kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Kwa ugonjwa huu methotreksati humezwa mara moja kwa wiki, katika siku ile ile, na mtu anayeimeza kila siku anaweza kuharibu uboho unaotengeneza chembe za damu, akatokwa na vidonda mdomoni na hata kufariki dunia. Kosa hili linajulikana tangu zamani, na limeua watu, kwa hiyo sioni udhuru wowote wa mtengenezaji anayeacha mipangilio ya dawa ianzie kwenye "kila siku" bila kumuuliza mtumiaji. Chagua siku moja, iandike kwa jina lake katika ukumbusho na juu ya kasha la dawa, na asidi ya foliki, ile vitamini inayotolewa pamoja na methotreksati, uiwekee ukumbusho wake tofauti kwa siku ulizoelekezwa, kwa sababu vidonge hivi viwili huchanganywa kwa urahisi. Kama umekwisha kumeza dozi za ziada, usisubiri dalili. Nenda hospitali leo, ukiwa na kasha mkononi. Ukumbusho mwingine unaofaa, ambao wengi hawauweki, ni wa tarehe ya kupima damu na ini.

Swali: Programu inasema ugonjwa wangu umetulia, lakini nyayo zimevimba na siwezi kuvaa viatu. Nani anasema kweli?

Nyayo zako. Kipimo cha DAS28 ambacho programu nyingi hukitumia huhesabu viungo 28, yaani mabega, viwiko, vifundo vya mikono, maungio ya vidole vya mikono na magoti. Vifundo vya miguu na nyayo havimo. Mtu anaweza kupata alama chini ya 2.6, ambayo huhesabiwa kuwa utulivu, huku akichechemea. Zaidi ya hayo, DAS28 huhitaji jibu la maabara linaloonyesha kiwango cha uvimbe mwilini, na programu isiyokuuliza jibu hilo inakupa tarakimu ya kubuni tu. Ipo RAPID3, orodha fupi ya maswali inayojazwa na mgonjwa peke yake kuhusu maumivu, uwezo wa kufanya kazi na hali yake kwa jumla. Hiyo yafaa kujazwa nyumbani. Piga picha za nyayo zilizovimba, uziweke pamoja na tarehe, kwani siku ya kliniki uvimbe huenda umeshuka na daktari hatakuwa na cha kuona.

Swali: Je, programu inaweza kunithibitishia kama ninao ugonjwa huu?

Haiwezi. Viungo vikikakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, na maungio ya vidole yakivimba kwa wiki kadhaa, muone daktari upesi, maana viungo vinaweza kuanza kuharibika mapema, na kila mwezi unaopotea kwa kujibu maswali ya simu ni mwezi bila tiba.

Swali: Niandike nini, na mara ngapi?

Dakika za kukakamaa asubuhi, viungo vilivyovimba, dozi ulizoruka, na kazi uliyoshindwa kuifanya. Mara moja kwa wiki inatosha, na ugonjwa ukichachamaa uandike kila siku. Mpelekee daktari ukurasa mmoja, wala usimpe simu yenye michoro ya miezi sita.

Swali: Programu ya bure inaomba orodha ya watu ninaowasiliana nao. Niikubalie?

Kataa. Kuhesabu viungo vilivyovimba hakuhitaji majina ya jamaa zako, wala mahali ulipo. Ukiamua kuiacha, kwanza nakili kumbukumbu zako, kisha omba akaunti ifutwe, kwa kuwa kuiondoa programu kwenye simu hakufuti kilichokwisha kuhifadhiwa kwa mwenye programu.