Wasomaji Wanauliza: Kulala Ryokani, Kuoga Onseni

Barua hizi zimetoka Bukavu, Goma na Lubumbashi, kwa watu wanaojiandaa kwenda Japani kwa mafunzo au biashara. Wote wanataka kulala walau usiku mmoja kwenye ryokani, nyumba ya wageni ya kimila yenye onseni, yaani maji moto yanayotoka ardhini.

Nimeona ryokani ya yeni 20,000. Mimi na mume wangu tuko wawili, kwa hiyo ni yeni 10,000 kila mmoja? Na dola zetu watazipokea? (Mama wa Ibanda, Bukavu)

Hapana, mama. Ryokani kwa kawaida hutoza kwa kichwa, si kwa chumba, kwa hiyo huenda mkadaiwa yeni 40,000. Kabla ya kulipa, someni vizuri kama bei ni ya mtu mmoja au ya wote. Mara nyingi bei hiyo inabeba chakula cha jioni, cha asubuhi na kuoga mara mnazotaka. Nyumba za kiwango cha kati huwa kati ya yeni 15,000 na 30,000 kwa mtu, na usiku wa Jumamosi bei hupanda. Ongezeni kodi ya kuoga, ambayo kwa kawaida ni yeni 150 kwa mtu kwa usiku.

Dola isahauni. Kwetu inanunua hata nyanya sokoni, lakini kule hakuna atakayeipokea, na nyumba nyingine ndogo za milimani hazina hata mashine ya kadi. Toeni yeni mjini kabla ya kupanda mlimani: mashine za maduka ya 7-Eleven na za posta hukubali kadi nyingi za benki za nje. Pasipoti mwende nazo, kwa sababu mapokezi watazitoa kopi.

Sasa saa, maana hapo ndipo wageni wengi huharibu. Chumba hupatikana kuanzia saa tisa alasiri na hurudishwa saa nne asubuhi. Chakula cha jioni ni saa kumi na mbili au saa moja, na mpishi huandaa kwa hesabu ya watu na saa waliyoitaja. Ukifika saa mbili usiku bila kupiga simu, unaweza kukuta jiko limefungwa, na pesa ya chakula hairudi. Kama nyumba ina gari la kuwachukua wageni stesheni, liombeni siku mnapoweka nafasi. Msingoje mpaka mteremke kwenye treni.

Sisi wa Goma tunaijua mazuku. Nasikia onseni zinanuka kama yai bovu. Hakuna hatari? (Ndugu wa Katindo, Goma)

Swali zuri, na anayetoka Goma ana haki ya kuliuliza. Mazuku ni kaboni dioksaidi iliyojikusanya mabondeni, nayo haina harufu. Ile ya yai bovu ni haidrojeni salfaidi. Zote mbili ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo zote hutafuta pa chini. Vyumba vya kuogea maji ya salfa hujengwa na matundu ya hewa, mengine karibu kabisa na sakafu. Ukiona dirisha limeachwa wazi wakati wa baridi, usilifunge: limeachwa wazi kwa makusudi.

Pua nayo usiitegemee. Gesi hii ikizidi, pua inakufa ganzi na harufu inapotea. Kwa hiyo kichwa kikiuma na macho yakichoma, toka nje, hata kama hunusi kitu. Ndani ya bafu lililojengwa vizuri hatari ni ndogo. Hatari kubwa zaidi iko nje, kwenye mashimo ya theluji karibu na matundu ya mvuke: Desemba 2005 watu wanne wa familia moja walikufa hivyo huko Doroyu, mkoa wa Akita. Palipowekwa kamba, usipavuke.

Si kila onseni inanuka, lakini. Sheria ya Japani ya mwaka 1948 inataka maji yatoke ardhini yakiwa na nyuzi 25 au zaidi, au yawe na walau kimoja kati ya vitu 19 vilivyoorodheshwa. Mengi hayana salfa ya kunusika. Aina ya maji hubandikwa ukutani, mara nyingi kwenye chumba cha kuvulia nguo.

Nipe hatua za kuoga, maana naogopa aibu. Nimesuka nywele na meshi ndefu, na nina bangili ya shaba nisiyoivua. (Dada wa Kamalondo, Lubumbashi)

Dada, bangili utaivua. Salfa huigeuza shaba na fedha kuwa nyeusi, pengine kwa kuoga mara moja tu. Iache chumbani pamoja na hereni.

Wanaume na wanawake huoga mbali mbali. Pazia la mlangoni mara nyingi ni la buluu kwa wanaume na jekundu kwa wanawake. Nyumba nyingine usiku hubadilisha bafu la wanaume liwe la wanawake, na la wanawake liwe la wanaume, basi soma pazia upya kila asubuhi, usifuate mazoea ya jana.

Ndani utavua nguo zote na kuziweka kwenye kikapu. Vazi la kuogelea halikubaliwi. Taulo kubwa inabaki kwenye kikapu, unaingia na ile ndogo tu. Kando ya ukuta kuna dushi na vigoda: kaa. Usioge umesimama, povu litamrukia jirani. Jisugue kwa sabuni mwili mzima, kisha jimwagie mpaka povu lote liishe, na kigoda ukisuuze kwa ajili ya anayefuata. Hapa ndipo usafi unapofanyika. Dimbwi ni la kujipumzisha tu, na maji yake ni ya watu wote. Mtu akiingia bila kunawa, au na povu mgongoni, kila aliyemo ataona, na ndiyo aibu unayoiogopa.

Meshi zifunge zote juu ya kichwa kwa kamba imara kabla ya kuanza. Hakuna unywele unaopaswa kugusa maji ya dimbwi, na meshi ndefu iliyolowa huwa nzito, inafunguka na kuteremka. Taulo ndogo nayo haiingii majini. Ikunje, iweke kichwani au ukingoni.

Chota maji ya dimbwi kwa beseni dogo, ujimwagie kuanzia miguuni kupanda mabegani, mara kama kumi. Maji ni nyuzi 40 hadi 42, na mwili usiozoea hushtuka. Ingia polepole. Mara ya kwanza dakika tano zinatosha, kumi ni nyingi. Toka, pumzika, rudi ukipenda. Unaposimama, shika ukingo: joto limepanua mishipa, presha imeshuka, kizunguzungu kinakuja hapo hapo. Kunywa maji kabla na baada. Usiingie ukiwa umekunywa pombe, wala umetoka mezani sasa hivi.

Kabla ya kurudi kwenye nguo, jifute kwa taulo ndogo ili usilowanishe sakafu. Kuhusu kujisuuza mwishoni, wengi hawajisuuzi, ili madini yabaki mwilini. Lakini Kusatsu, mji mmoja wa onseni, maji yana tindikali kali, pH karibu 2. Kama ngozi yako ni nyepesi, jimwagie maji ya kawaida.

Ukiona watu wasiokujua ni wengi mno, omba bafu la binafsi. Hutolewa kwa dakika 45 au saa moja, pengine kwa malipo. Hata mwenye tatuu hapo ndipo anapopata nafuu, maana mabafu mengi ya pamoja humkataa.

Mimi ni Mkimbangu, muumini wa kanisa la Simon Kimbangu: sili nguruwe wala sinywi pombe. Nitakula nini? (Papa wa Kadutu, Bukavu)

Papa, andika siku ile ile unapoweka nafasi: hakuna nguruwe, hakuna mafuta ya nguruwe, hakuna sake (pombe ya mchele) wala mirini. Mirini ni kileo kitamu cha kupikia, kinaingia kwenye sosi nyingi bila mlaji kujua. Ukilisema hili mezani umechelewa, kwa kuwa vyakula vimeshaandaliwa. Nyumba ikijibu kwamba haiwezi, chukua chumba bila chakula au na chakula cha asubuhi tu.

Chakula cha jioni huja kwa visahani vidogo: samaki mbichi, supu nyepesi, cha kuchoma, cha kuchemsha. Usingoje wali wa kusindikiza kama bukari na sombe. Wali huja mwisho, pamoja na supu ya miso na achali. Mbele yako kunaweza kuwa na jiko dogo la mezani lenye chungu juu yake. Mhudumu ataliwasha, usifunue chungu mpaka moto uzimike wenyewe.

Yukata, lile joho jepesi la pamba wanalopewa wageni, inavaliwaje, na mhudumu apewe kiasi gani? (Msomaji wa Himbi, Goma)

Upande wa kushoto huja juu ya wa kulia, kwa wanaume na wanawake sawa. Kulia juu ya kushoto ni namna ya kumvika maiti, na mhudumu akikuona hivyo atakuja kukurekebisha. Kama wewe ni mrefu, omba saizi kubwa. Unaweza kuivaa mezani, kwenye korido na kitandani.

Viatu vinabaki mlangoni. Kwenye mikeka ya tatami hata ndala za ndani zinavuliwa, na valizi haikokotwi kwa magurudumu. Msalani kuna ndala zake, ziache huko huko. Na ile pembe iliyoinuliwa yenye picha ya kuning'inia na maua si ya kuwekea mizigo.

Mhudumu hapewi kitu. Malipo ya huduma yamo kwenye bei.