Vicente Fernández: anza na Volver, volver

Umeuliza kwa nini Wameksiko wanamlilia mwimbaji wao wa ranchera (nyimbo za kimila za Meksiko), Vicente Fernández, hadi leo, na uanzie wapi ilhali Kihispania hukijui. Anzia kwenye Volver, volver ya 1972, utunzi wa Fernando Z. Maldonado. Neno hilo maana yake ni kurudi: mtu ameachana na mpenzi, moyo unamvuta nyuma. Sikiliza anavyoanza chini, karibu kama anaongea, kisha kwenye kiitikio anavuta ile "volver" mpaka unajiuliza pumzi anaitoa wapi. Mvuto wake upo hapo hasa.

Usitumie spika ya simu. Mariachi, bendi ya Kimeksiko ya vyombo vya nyuzi na tarumbeta inayomsindikiza, haina ngoma. Mapigo hutoka kwenye guitarrón, gitaa nene la besi lenye nyuzi 6, na vihuela ndogo ya nyuzi 5 inayokwangua juu yake. Simu inalimeza guitarrón, zinabaki tarumbeta zikikupigia kelele. Vaa hedifoni.

Kosa la wengi ni kumtafutia ile sauti nyembamba inayorukaruka. Hiyo ni ya huapango zaidi, mtindo mwingine wa nyimbo za Meksiko. Yeye nguvu yake ni sauti ya kifua, kiasi kwamba jukwaani alikuwa akiweka maikrofoni pembeni na bado akasikika.

Alizaliwa Huentitán El Alto, Jalisco, 1940. Javier Solís, mwimbaji nyota wa ranchera wa wakati huo, alipofariki 1966, nafasi ilifunguka naye Fernández akaingia. Ukishazoea, tafuta onyesho lake la kuaga la Aprili 2016, katika uwanja wa Estadio Azteca, Mexico City. Alifariki Desemba 2021.