Je, mama wa nyumbani ana ujira mbele ya Mwenyezi Mungu, au "anakaa tu"?

SWALI:

Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Tanga. Nilikuwa mhasibu. Nilipojifungua mtoto wa pili tulikubaliana na mume wangu niache kazi, kwa sababu wasichana wa kazi walikuwa hawadumu na mtoto alikuwa anaumwaumwa. Sasa mawifi wananiita golikipa, yaani mtu wa kukaa tu nyumbani. Mume naye, nikimwomba hela ya kujinunulia hata khanga, anauliza, "Za juzi zimeisha?" Siku moja alisema mbele ya watoto kwamba yeye anahangaika na mimi nakaa tu. Naswali na kufunga, lakini Qur'ani siipati vizuri, mtoto mdogo hanipi nafasi, na usiku nalala fofofo. Je, kazi hii ina thawabu? Je, ninachokula ni hisani yake? Na nikirudi kazini, au nikiuza vitu hapa nyumbani, nitakuwa nimemkosea Mungu?

JAWABU:

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Dada yangu, nitaanza na swali lako la pili, maana naona ndilo linalokuuma zaidi. Unachokula si hisani. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, baada ya kutaja kina mama wanaonyonyesha, Mwenyezi Mungu anasema kwamba ni juu ya baba kuwapa chakula chao na nguo zao kwa wema. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu huku pwani, hawakuliacha jambo hili lielee. Imam Nawawi katika kitabu chake Minhaj ameweka hadi vipimo: mwenye uwezo atoe vibaba viwili vya chakula kwa siku, wa kati kimoja na nusu, asiye na uwezo kimoja, na juu yake kitoweo, mavazi na makazi. Siku ikipita mume hajatoa, haki ile haifutiki, inakuwa deni shingoni mwake. Sasa mtu anayelipa deni anamsimanga vipi anayemdai?

Tena kuna jambo ambalo kina baba wengi hawapendi tuliseme mimbarini. Kupika, kufua na kufagia, kwa kauli ya Mashafii na wanazuoni wengine wengi, si wajibu wa kisheria kwa mke. Bibi Asmaa binti Abubakar alikuwa akimlisha farasi wa mumewe Zubeir, akiteka maji, akishona ndoo ya ngozi, akikanda unga, na akibeba kokwa za tende kichwani kutoka shambani, mwendo mrefu. (Mkate hakujua kuuoka vizuri, mwenyewe alikiri, majirani zake wa Kiansari ndio waliokuwa wakimwokea.) Imam Nawawi alipoisherehesha hadithi hii alisema kwamba yote hayo ni kujitolea kwa mwanamke na ihsani yake kwa mumewe. Wapo waliopinga, akiwemo Ibnul Qayyim, wakasema mke humhudumia mume kwa mujibu wa desturi ya watu wake. Sitaki kukuficha kauli hiyo. Lakini chukua kauli yoyote kati ya hizo mbili, mumeo hana pa kusimama: kama ni zawadi, anayepewa zawadi hushukuru, na kama ni wajibu, anayetekeleza wajibu wake kuanzia alfajiri hadi usiku haambiwi anakaa tu.

Ila nakuomba, usiende leo jioni ukazima jiko ukasema Sheikh katoa fatwa kwamba si wajibu. Nimekueleza hukumu ili ujue thamani ya unachokitoa, si ili nyumba iungue.

Hata mahakama zetu zimeliona hili. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bibi yule mwenyewe hakupata fungu kwa sababu nyingine, lakini msingi ulibaki.

Ama thawabu. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, anasimulia katika Sahih Muslim kwamba alimjia mwanamke maskini na binti zake wawili, akampa tende tatu. Mama akampa kila mtoto tende moja, ya tatu akaipeleka mdomoni ale yeye. Wale watoto wakaitaka na hiyo. Akaipasua katikati akawagawia. Bibi Aisha akastaajabu, akamweleza Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akasema kwamba kwa tende ile Mwenyezi Mungu amemwajibishia yule mama Pepo. Hakuwa vitani wala msikitini. Na wewe kipande chako cha mwisho cha samaki umeshamwekea mtoto mara ngapi bila kujua kama kuna anayeandika? Fanya tu kwa nia ya Allah, maana amali ni kwa nia, na nia haihitaji muda wala udhu.

Watu wetu wanapenda kusema Pepo iko chini ya nyayo za mama. Kwa lafudhi hiyo tuliyoizoea, isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ina udhaifu. Lakini maana yake imethibiti katika hadithi ya Jahima, aliyoipokea Imam Nasai: Jahima alitaka kwenda jihadi, Mtume akamuuliza kama ana mama, akajibu anaye, akaambiwa abaki naye, kwani Pepo iko miguuni pake.

Kuhusu Qur'ani na uchovu, msome Bibi Fatma, binti wa Mtume. Mikono yake ilikuwa imeharibika kwa kusaga. Alisikia baba yake ameletewa mateka, akaenda kuomba mtumishi, hakumkuta, akamwachia Bibi Aisha ujumbe. Mtume akaja usiku, Fatma na Ali wameshalala. Walipotaka kuinuka akawaambia wabaki mahali pao, akaketi kati yao hadi Ali akahisi ubaridi wa miguu yake kifuani. Kisha akawafundisha lililo bora kuliko mtumishi: wanapokwenda kulala waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34. Tazama alivyomjibu binti aliyechoka. Hakumzidishia kisimamo cha usiku. Alimpa dhikri ya kusema akiwa amejilaza. Anza na hiyo. Qur'ani isikilize unapopika, na usome hata aya mbili mtoto akiwa ziwani. Mtoto ataachishwa ziwa, na nafasi itarudi.

Mumeo naye nina neno naye. Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu: alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, ukifika wakati wa swala akitoka kwenda kuswali. Mwanamume anayemdharau mke mbele ya watoto anawafundisha kumdharau mama, na dhambi hiyo ataikuta kwenye daftari lake. Hayo mwambie mkiwa wawili, kwa upole, watoto wamelala. Kwenye mazungumzo hayo hayo kubalianeni kiasi maalumu cha matumizi yako mwenyewe, kila wiki au kila mwezi, usiwe unaomba khanga kama mpita njia. Akiwa na uwezo kisha akabana hadi hamtoshelezwi, Hindu binti Utba alimshitaki mumewe Abu Sufyani kwa ubahili huo, na Mtume akamruhusu achukue kinachomtosha yeye na mwanawe kwa wema. Kinachotosha, si zaidi.

Na kurudi kazini si dhambi. Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara. Zainab, mke wa Ibn Mas'ud, alikuwa akimsaidia mumewe na mayatima aliowalea kwa mali yake, Mtume akasema ana ujira mara mbili, wa udugu na wa sadaka. Mjane anayekaanga samaki sokoni ili wanawe wasome hayuko chini yako kwa daraja, wala wewe huko chini yake. Lakini mliacha kazi kwa kushauriana, basi rudini kwa kushauriana. Aya ile ile ya 233 inasema wazazi wakitaka kumwachisha mtoto ziwa kwa kuridhiana na kushauriana, hapana ubaya juu yao. Ikiwa ziwa tu limewekewa mashauri, kazi je?

Ukiamua kuuza vitumbua au khanga hapo nyumbani, faida ni mali yako, mume hana fungu humo ila ukimpa kwa ridhaa. Bidhaa ikifikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na mwaka wa Kiislamu ukapita, utatoa zaka yake wewe mwenyewe, na hesabu unaijua kuliko mimi.

Wallahu aalam.